Dang'a: Kisa cha Ndama na Mtafsiri Aliyeshindwa

Msomaji mpendwa, huenda ukastaajabu kuyakuta makala haya katika jarida la chama chetu. Kurasa hizi aghalabu husheheni tahakiki za riwaya, arudhi ya ushairi na mijadala isiyokwisha ya ngeli. Mimi nimekuja na habari za tumbo la ndama. Sikuja kwa mzaha. Kilichotokea zizini kwetu Kianyaga mnamo Agosti 2023 kilinifunza juu ya lugha yetu jambo ambalo sikulipata katika mihadhara ya miaka yote niliyokaa chuoni, na naona si haki nikae nalo peke yangu. Wahenga walinena kuwa mficha uchi hazai. Basi wangu nitaufunua.

Kianyaga ni mji mdogo wa Gichugu, katika kaunti ya Kirinyaga, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Juu yetu, kuelekea msituni, ni majani chai. Chini yetu ni kahawa. Na chini zaidi, kule Mwea, ni mpunga. Baina ya hayo yote kuna ng'ombe. Mashamba yamegawanywa baina ya ndugu hadi yakawa vipande, hivyo hakuna malisho ya kumwachia mnyama azurure. Ng'ombe hukaa zizini, naye mfugaji ndiye humletea nepia, maji na chumvi. Kahawa hulipa mara chache kwa mwaka, lakini maziwa hukamuliwa asubuhi na jioni. Kwa hiyo ng'ombe kwetu ni karo, ni sabuni, ni mafuta ya taa, ni nauli ya kurudi chuoni. Shahada yangu ya kwanza ililipiwa kwa sehemu kubwa na ng'ombe mmoja, chotara wa Friesian, ambaye mwaka huo alikuwa amezeeka. Mama alikuwa akisubiri azae mtamba wa kumrithi.

Alizaa usiku, na ndama alikuwa jike. Nilikuwa nyumbani kwa likizo, na tasnifu yangu juu ya ushairi wa karne ya 19 ilikuwa mezani haijafika sura ya pili. Kulikuwa na baridi ile ya Agosti ambayo wenyeji wa mlimani wanaijua, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba. Ndama alichelewa kusimama. Sisi nasi, kwa kuwa shughuli zilikuwa nyingi asubuhi hiyo na mama alikuwa na zamu ya kuchuma chai kwa jirani, hatukumkamua ng'ombe hadi alasiri. Tulipomkamua, maziwa yalitoka mazito, ya manjano, yenye kunata. Nyanya yangu, ambaye amefuga ng'ombe kuliko umri wangu mara mbili, alisema maziwa ya namna ile humharisha ndama. Ndoo ya kwanza tukawamwagia mbwa. Ndama alipewa maziwa jioni, nayo yalikuwa kidogo.

Siku ya tatu mama aliteremka mjini akarudi na kopo. Muuzaji wa agroveti alikuwa amemweleza kwamba humo mna unga unaotengeneza tumbo la ndama na kumfanya akue upesi. Kopo lilikuwa zuri, lenye picha ya ndama mnene aliyesimama kwenye majani mabichi yasiyofanana na majani yetu. Maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza, madogo kama chawa. Mama alisoma hadi darasa la saba. Kiswahili anakisoma vyema, na Biblia ya Kikuyu anaijua ukurasa kwa ukurasa, lakini Kiingereza cha kopo kile kilimshinda. Alinikabidhi kwa fahari ambayo sitaisahau.

"Nisomee, mwanangu," alisema. "Si ndiyo kazi uliyosomea?"

Nilisoma. Nilisoma kwa sauti, kwa Kiingereza kwanza, kisha nikaanza kufasiri. Na hapa ndipo penye uchi wangu. Sentensi ya kwanza ilitaka mtumiaji ahakikishe kuwa ndama amekwisha kupewa kitu fulani ndani ya saa sita za kwanza. Jina la kitu hicho sikulijua. Nilidhani ni dawa nyingine inayouzwa na kampuni hiyo hiyo, nikairuka sentensi. Sentensi ya pili ilisema unga uchanganywe katika maji yenye joto kidogo. Nikasema, "Uchanganye na maji moto." Sentensi ya tatu ilionya kuwa unga usitumiwe pamoja na dawa za jamii fulani. Ilikuwa na maneno matatu magumu yanayofuatana, nami nikamwambia mama kwamba hayo ni mambo ya kampuni. Ya mwisho ilisema kuwa unga ule si tiba ya kuhara. Hiyo sikuifikia. Mama alikuwa amekwisha kutosheka, nami nilikuwa nimekwisha kusikika.

Mama hufanya kazi yake kwa uaminifu. Akiambiwa maji moto, huchemsha. Alichemsha maji kama ya chai, akatia kijiko cha unga, akakoroga, akachanganya na maziwa yalipopoa, kisha akamnywesha ndama kwa kumtia kidole kinywani ndani ya ndoo, kama tufanyavyo. Siku ya tano ndama alianza kuhara. Tukaongeza unga. Siku ya sita jirani alitupa vidonge vya viuavijasumu vilivyobaki alipomtibu mbuzi wake. Tukavisaga tukavichanganya humo humo. Kisha tukasikia kuwa ndama anayehara hanyweshwi maziwa, tukamnyima maziwa, tukampa chai ya rangi. Macho yake yaliingia ndani, masikio yakawa baridi. Siku ya tisa, kabla ya adhana ya majogoo, mama alinigonga mlangoni. Hakusema neno. Nilitoka nikamkuta ndama amelala ubavu, amekwisha.

Daktari wa mifugo tuliyemwita siku ya nane alifika asubuhi hiyo, akakuta msiba. Hakutukaripia. Alikaa juu ya gogo akatuuliza maswali matatu. La kwanza: ndama alipewa lini maziwa ya kwanza? La pili: alipohara alipewa maji kiasi gani? La tatu, akiligeuza kopo mkononi: nani aliyewasomea hili? Mama alinitazama, kisha akatazama chini. Hakunitaja. Nilijitaja mwenyewe.

Mambo niliyoyaandika hapa chini nimeyakusanya tangu asubuhi ile, kwanza kwa mganga huyo, kisha kwa vitabu vya maktaba ya kitivo jirani ambacho hapo awali sikuwahi kukanyaga. Nayatoa kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichoshindwa kukitoa siku ile.

Ndama huzaliwa mtupu wa kinga. Mtoto wa binadamu hupokea sehemu ya kingamwili za mamaye kupitia kondo la nyuma angali tumboni. Kondo la ng'ombe haliziruhusu kupita. Kingamwili zote ambazo ndama atategemea katika majuma yake ya kwanza zimo katika yale maziwa mazito ya manjano. Tena kuna saa. Utumbo wa ndama aliyezaliwa sasa hivi huziruhusu kingamwili kupenya nzima nzima hadi kwenye damu, lakini mlango huo huanza kufungwa mara tu baada ya kuzaliwa, na ikitimu siku moja huwa umefungwa kabisa. Ndiyo maana wataalamu husisitiza saa sita za kwanza, na kiasi kinachokaribia sehemu moja kwa kumi ya uzito wa ndama. Kwa ndama wa kilo 40, hiyo ni lita nne. Sisi tulisubiri hadi alasiri, kisha kinga yake tukawapa mbwa.

Maziwa hayo yana jina. Jina lake ni dang'a. Limo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1981. Lilikuwamo pia katika daftari langu la msamiati la shule ya upili. Nililikariri, nikaulizwa, nikapata alama yangu, nikaendelea. Sikuwahi hata siku moja kulihusisha neno hilo na ndoo iliyokuwa mikononi mwangu. Na lile neno la Kiingereza nililoliruka kwenye kopo, lile nililodhani ni dawa ya dukani, maana yake ilikuwa dang'a, basi. Nilikuwa na neno la Kiswahili lisilo na kitu, na kitu kisicho na neno, na vyote viwili vilikuwa nyumbani mwetu.

Jambo la pili ni la tumbo lenyewe. Ng'ombe mzima ana matumbo manne, nalo la kwanza ndilo kubwa kuliko yote. Humo majani huvundikwa na mabilioni ya vijidudu kabla ya kucheuliwa na kutafunwa tena. Nitaliita tumbo la kuvundikia. Ndama huzaliwa nalo, lakini ni dogo na limelala. Tumbo linalofanya kazi ni la nne, lenye kusaga maziwa kama tumbo letu. Anaponyonya, mfereji mdogo hujikunja ukawa kama bomba na kuyapeleka maziwa moja kwa moja kwenye tumbo la nne bila kupitia la kwanza. Kwa hiyo, katika majuma ya mwanzo, ndama hana tofauti kubwa na mtoto mchanga. Hawezi kuishi kwa nyasi.

Ni nini basi huliamsha tumbo la kuvundikia? Si maziwa, kwa kuwa hayafiki huko. Si nyasi peke yake pia, ingawa wengi wetu tumewatia ndama nepia wakiwa na majuma mawili, wakaota vitambi na mbavu zikahesabika. Kinacholiamsha zaidi ni nafaka. Nafaka ikivundikwa hutoa asidi ya butiriki, ambayo jina lake limetokana na neno la kale la siagi, na asidi hiyo ndiyo hukuza vile vinyama vidogo kama ncha za vidole vinavyolifunika tumbo kwa ndani na kufyonza chakula. Aliyewahi kununua matumbo sokoni ameviona. Ndivyo vinavyolipa tumbo hilo sura ya taulo. Ndiyo sababu ndama huwekewa konzi ya chakula chake maalumu tangu juma la kwanza, hata kama atakilamba tu. Akifikia kula takriban kilo moja kwa siku kwa siku tatu mfululizo, huwa tayari kuachishwa maziwa. Pamoja na nafaka huhitaji maji safi ya kunywa mbali na maziwa, kwa kuwa vijidudu vya tumbo la kwanza haviishi pakavu, na maziwa, kama nilivyosema, hayapiti huko.

Sasa nifike kwenye kopo. Unga ule ulikuwa wa jamii ya virutubisho ambavyo wataalamu huviita probiotiki. Ulikuwa na hamira na bakteria zilizo hai. Fikra yenyewe si ngeni. Mwanasayansi Mrusi, Élie Metchnikoff, aliyefanya kazi Paris katika Taasisi ya Pasteur na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1907 kwamba bakteria za maziwa yaliyochachuka huenda zikapambana na bakteria mbaya za utumbo. Mwaka 2001 wataalamu walioitwa na FAO na WHO waliiweka maana ambayo hutumiwa hadi leo: ni vijidudu hai ambavyo, vikitolewa kwa kiasi kinachofaa, humnufaisha kiafya anayevipokea. Bibi zetu waliokuwa wakigandisha maziwa kibuyuni hawakuwa na istilahi hiyo, lakini kitu chenyewe walikuwa nacho mikononi.

Shauku ya virutubisho hivi katika ufugaji iliongezeka kwa sababu ya jambo lingine. Kwa miongo mingi wafugaji wa nchi tajiri waliwapa wanyama viuavijasumu kidogo kidogo katika chakula ili wakue upesi, hata kama si wagonjwa. Mazoea hayo huzifunza bakteria kuhimili dawa, na dawa zile zile ndizo tunazozitegemea sisi wanadamu. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi hayo ya kukuzia kuanzia Januari 1, 2006. Pengo lililobaki likatafutiwa njia nyingine, nayo makopo kama lile la mama yakazidi kusafiri hadi miji midogo kama wetu. Sisemi ni ulaghai. Yapo yanayosaidia, hasa pale ambapo ndama wako katika dhiki ya maradhi au ya kubadilishiwa chakula. Lakini hayasaidii kwa usawa kila mahali, na hakuna hata moja linaloweza kukaa mahali pa dang'a, maji na usafi wa ndoo.

Zingatia neno moja katika maana ile ya mwaka 2001: hai. Kitu hai hufa. Hamira ya mandazi ikitiwa maji yanayochemka, unga hauumuki. Kila mpishi anajua. Maandishi ya kopo yalitaka maji ya uvuguvugu. Nilipomwambia mama "maji moto," nilimwagiza awapike askari aliowanunua. Niliporuka onyo la dawa, nilimruhusu awatie viuavijasumu katika ndoo moja na bakteria zile, yaani kumalizia waliosalia. Lugha yetu haikosi maneno hapa. Tuna baridi, tuna vuguvugu, tuna moto, tuna yanayotokota. Mama anayajua yote hayo. Aliyekosa kuyatumia ni mwanafunzi wa uzamili wa Kiswahili.

Hata hivyo, lazima niwe mkweli. Nilipomuuliza daktari kama ni unga uliochemshwa uliomuua ndama, alikana. Alisema unga ulikufa, basi. Ndama hakuuawa na unga uliokufa. Kilichomfungulia mlango wa maradhi ni kukosa dang'a, na kilichommaliza ni kukauka. Ndama anayehara hupoteza maji na chumvi kuliko anavyoweza kurudisha. Hutakiwa apewe maji yenye chumvi na glukosi baina ya milo ya maziwa, wala si kunyimwa maziwa siku nzima nzima. Tena iwe glukosi, si sukari ya mezani, kwani ndama hana kimeng'enya cha kuivunja sukari hiyo. Ikibaki utumboni huzidisha kuhara. Nasi katika chai ile ya rangi tulitia sukari, kwa kumhurumia.

Mtu angeweza kusema basi sina hatia, maana kopo halikuua. Mimi sioni hivyo. Sentensi ya kwanza ya kopo ilikuwa inauliza swali lile lile la daktari. Kama ningelitafuta neno lile katika kamusi badala ya kuliruka, tungejua siku ya tatu kwamba ndama wetu hana kinga, na tungemwita mganga kabla ya siku ya nane. Sentensi ya mwisho ilisema unga si tiba. Kama ningeifikia, tusingepoteza siku tatu tukiongeza vijiko. Kosa langu lilikuwa kujifanya nimesoma.

Katika semina zetu tumezoea kuijadili tafsiri kwa mifano mikubwa. Tunataja jinsi Mwalimu Julius Nyerere alivyoitafsiri tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar, mwaka 1963, na jinsi alivyotupa Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Tunapima mizani, tunapima mahadhi. Kazi hizo zinastahiki heshima hiyo. Lakini sikumbuki kikao hata kimoja ambamo tuliweka mezani kopo la dawa ya mifugo, au mfuko wa mbolea, au karatasi ndogo iliyokunjwa ndani ya pakiti ya vidonge, tukaulizana mwanafunzi wa Kiswahili angevitafsiri vipi. Tumeachiana kimya kimya dhana kwamba hiyo si fasihi na kwa hiyo si yetu. Ilhali mlaji wa kosa katika tafsiri ya Shakespeare ni mhakiki, na mlaji wa kosa katika tafsiri ya kopo ni mama mkulima.

Wapo watakaonijibu kuwa istilahi hazijatosha. Ni kweli, kwa kiasi. BAKITA limekuwapo tangu mwaka 1967, na TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, hivyo hatuanzi kwenye sifuri. Pengo la istilahi lipo, lakini katika kopo la mama niliyahesabu maneno yaliyonishinda kwa haki, yaani yasiyokuwa na Kiswahili cha kawaida, nikapata mawili tu. Mengine yote yalikuwa na maneno: dang'a, vuguvugu, viuavijasumu, hamira, kuhara, kuachisha. Hata hayo mawili yangeelezeka. Probiotiki ningeweza kumwambia mama kuwa ni "vijidudu rafiki, walio hai kama hamira," naye angejua papo hapo kwamba hawachemshwi. Ufafanuzi huo ungemfaa kuliko istilahi yoyote ya kupendeza.

Wapo pia watakaosema wa kulaumiwa ni watengenezaji wanaotuuzia Kiingereza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Naam, bidhaa inayomfikia mkulima wa Gichugu ingepaswa kusema naye kwa lugha anayoisoma. Tuidai haki hiyo, na chama chetu kiwe mbele. Lakini tusisahau kwamba siku ile mtafsiri alikuwapo, amekaa kwenye kigoda, ana shahada. Watengenezaji wakija kesho wakituambia, "Haya, tutafsirieni," tutakuwa tayari? Mimi sikuwa tayari, kwa sababu mbili. Sikuijua ng'ombe, japo nilisomeshwa naye. Na nilimwonea mama aibu ya kukiri neno lililonishinda. Mtafsiri asiyeweza kusema "hapa sijui, ngoja nitafute" ni wa hatari kuliko kopo lisilotafsiriwa, kwa maana kopo lisilotafsiriwa angalau hukufanya umuulize mwingine.

Nyanya naye nisimwache na lawama. Alichosema juu ya maziwa ya manjano kinasemwa na wafugaji wengi, naye alikisema kwa kumtakia ndama heri. Nilipomweleza baadaye habari za kingamwili na mlango unaofungwa, alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Na wewe ulijua tangu lini?" Nikamjibu kuwa neno nililijua tangu kidato cha pili. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akasema, "Basi mimi nilikosa kwa kutojua."

Ng'ombe yule aliishi, akapandishwa tena. Oktoba 2024 alizaa kwa mara ya mwisho kabla ya mama kumpumzisha. Safari hii nilikuwa nimekwisha kuandika karatasi moja, kwa mkono, kwa Kiswahili, nikaitia katika mfuko wa plastiki na kuipigilia misumari kwenye mlango wa zizi. Ina mistari michache. Dang'a ndani ya saa moja akiweza, isipite saa sita. Asiponyonya, akamuliwe anyweshwe. Kitovu kitiwe ayodini. Ndoo ioshwe kila mara. Maji safi tangu juma la kwanza. Konzi ya nafaka ya ndama kila asubuhi, mabaki yaondolewe. Akihara: maji ya chumvi na glukosi baina ya maziwa, maziwa asinyimwe, mganga aitwe siku hiyo hiyo. Kirutubisho chochote cha kopo: maji vuguvugu, yasiyochoma kiwiko, kisichanganywe na viuavijasumu.

Hilo la kiwiko si langu. Niliandika "nyuzijoto 38," mama akaniuliza atazipima kwa nini. Akanikumbusha kuwa alipotuogesha tukiwa wachanga alitia kiwiko majini kwanza. Nikafuta nyuzijoto, nikaandika kiwiko. Ndiyo tafsiri pekee katika karatasi ile ninayoionea fahari, na si yangu.

Kuhusu chakula cha ng'ombe mwenyewe, mama hakuhitaji karatasi yangu. Kando ya mitaro ya shamba letu kuna kaliandra, miti midogo iliyopandwa zamani baada ya majaribio ya miaka ya 1990 ya watafiti wa KARI, KEFRI na ICRAF huko Embu, jirani zetu. Walionyesha kuwa kilo tatu za majani mabichi ya kaliandra zaweza kushika nafasi ya kilo moja ya chakula cha madukani, na kwamba miti takriban 500 yatosha kumlisha ng'ombe mmoja. Elimu hiyo ilimfikia mama bila kopo. Ilifika kwa mdomo, kwa majirani, kwa mche uliopewa mkono kwa mkono, katika lugha aliyoielewa, akaishika hadi leo.

Ndama wa pili alizaliwa saa kumi alfajiri. Sikuwapo, nilikuwa chuoni. Mama alinipigia simu kukiwa bado giza. Nilisikia nyuma ya sauti yake ng'ombe akilamba na mtu akigonga ndoo.

"Ni jike," alisema. "Nimemnywesha. Lile neno lako la manjano, limeitwaje tena?"

"Dang'a, mama."

"Dang'a," akarudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. "Amekunywa dang'a lita mbili, na nyingine nampa jua likichomoza."

Mtamba huyo yuko zizini hadi ninapoandika. Wanachama wenzangu, sina hitimisho la kitaalamu. Nina ombi moja tu. Likizo ijayo mtakaporudi makwenu, iwe ni Pemba au Bungoma, Tanga au Gichugu, muulizeni mzazi awaletee kopo, mfuko au pakiti yoyote aliyowahi kuitumia kwa kukisia. Ketini naye. Someni neno kwa neno hadi mwisho. Na mkifika mahali msipojua, msiruke.